Maji Maangavu ya Kituo cha Nne

Kazini walimwita Mama Chupa, na jina lilikuwa limemganda kiasi kwamba hata mlinzi wa getini hakujua jingine. Kazi yake katika maabara ya maji ya jiji ilikuwa kuosha chupa, kwenda kuzijaza mtoni na kuzirudisha. Ukiisema hivyo inasikika kama kazi ya mtoto wa kutumwa. Lakini chupa ya kupimia madini haioshwi kama kikombe cha chai. Huoshwa kwa sabuni maalumu, ikalazwa siku nzima kwenye tindikali, ikasuuzwa mara tatu kwa maji yaliyochujwa mpaka hayana ladha ya chochote. Ukiugusa mdomo wake, mashine ya kupimia itakisoma kidole chako. Mama Chupa alikuwa na miaka kumi na tisa kazini, na mashine ilikuwa haijawahi kumsoma.

Kila Jumatatu dereva alimpakia na masanduku yake mawili ya barafu, wakazunguka vituo saba kando ya mto. Kituo cha saba kilikuwa baada ya bomba la maji taka, na kilinuka hata mkifunga vioo vyote vya gari. Hicho ndicho kila mtu alichokiogopa. Mama Chupa alipenda kituo cha nne. Kilikuwa chini ya daraja la reli, maji yakipita juu ya changarawe, maangavu, bila povu wala harufu. Ukisimama humo na viatu vya mpira unaona mpaka ncha za viatu.

Hatua mia chini ya kituo hicho kulikuwa na bustani ya mboga ya dada yake. Mama yao alifariki wakiwa wadogo, na dada ndiye aliyemlea, akamvusha shule kwa mafungu ya mchicha na majani ya maboga. Sasa dada alikuwa na nywele nyeupe, na alikuwa akimlea mjukuu wa kike wa miaka minne, waliyemwita Kadogo, ambaye mama yake alikuwa akifanya kazi mji mwingine. Kila Jumatatu, chupa ya nne ikishafungwa, Mama Chupa aliteremka bustanini kusalimia, na dada hakumwacha aondoke mikono mitupu. Mafungu yale aliyafikisha maabara. Mkuu wa maabara alichukua mawili. Dereva moja. Mkemia, binti mpole aliyekuwa na mimba ya miezi sita, alichukua matatu, kwa sababu kliniki walimwambia ale mboga za majani aongeze damu.

Jumanne moja ya kiangazi, katika wiki ya kupima madini ya risasi, ambayo huja mara moja tu kwa mwaka, mkemia alitoka chumba cha mashine na karatasi mkononi.

"Mama Chupa, samahani. Chupa ya nne uliiosha lini?"

"Siku ile ile niliyoziosha nyingine zote. Kwa nini?"

"Risasi imepanda sana. Nimerudia mara mbili. Nafikiri chupa ilikuwa na uchafu."

Mama Chupa alijisikia kama ametukanwa. Jumatano alirudi mtoni na chupa tatu mpya, akachota kituo cha nne mara tatu, akatia matone ya tindikali pale pale kingoni, akazifunga yeye mwenyewe. Alhamisi saa nne mkemia alimwita, akamwonyesha namba. Zote tatu zilikuwa sawa na ile ya kwanza. Hapo ndipo Mama Chupa alipotamani kosa lingekuwa lake. Angeomba radhi, angekatwa mshahara, mambo yakaisha. Lakini chupa zilikuwa safi. Ni mto.

Mkuu wa maabara aliwaita wote ofisini, akafunga mlango.

"Hili linakwenda juu kwa maandishi," alisema. "Mpaka ripoti isainiwe, neno lisitoke nje ya kuta hizi. Mnajua watu wanavyofukuzwa kwa kupiga domo. Mimi nina watoto, na nyie mna watoto."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga, na uoga wake ulimwambukiza Mama Chupa. Siku ile alipanda basi la kwenda nyumbani akapita kituo chake bila kujua. Alijua madini ya risasi yanafanya nini. Miaka kumi na tisa unapita mbele ya bango lile lile ukutani, utalijua tu: hayaonekani, hayanuki, yanajificha kwenye mifupa, na kwa mtoto mdogo yanakwenda kichwani. Lakini alijua pia kwamba hana cheo, hana cheti kikubwa, na kazi yenyewe aliipata kwa kubembeleza. Akajiambia labda ni mto tu, mboga hazina neno. Akajiambia angoje ripoti.

Jumapili alikwenda kwa dada. Walikaa nje ya chumba chake, kando ya bustani, juu ya viti vifupi. Kadogo alikuja akajipakata mwenyewe mapajani kwa Mama Chupa, kama kawaida yake. Mdomoni alikuwa na doa la udongo.

"Huyu na udongo hawaachani," dada alisema. "Nikigeuka tu, ameshalamba tuta zima. Siku hizi tumbo linamsumbua, halafu amekuwa na kisirani, hata sijui kimemwingia nini."

Mama Chupa alimwonyesha mtoto gauni lake. "Hii rangi gani, mwanangu?"

Kadogo alilitazama gauni kwa muda. Miezi mitatu nyuma alikuwa akizitaja rangi zote kwa mpigo, mpaka unamwomba anyamaze. Sasa alifungua mdomo, akaufunga, akaanza kulia.

"Ana usingizi," dada alisema, akaingia ndani kupakua chakula. Alileta sahani tatu, na juu ya kila sahani kulikuwa na mboga, kijani kibichi, zinang'aa kwa mafuta. Mama Chupa alisema tumbo halimkai sawa, hawezi kula. Alimtazama Kadogo akila. Mtoto alimaliza, akapangusa sahani kwa kidole. Mama Chupa aliaga mapema.

Jumatatu alipewa mafungu yake kama kawaida. Aliyatupa kwenye pipa la taka nyuma ya daraja, dereva akimtazama bila kuuliza.

Jumatano mkemia alimjia kwenye chumba cha kuoshea. Alikuwa ameshika kiuno, miguu imemvimba.

"Mama, wiki hii umetunyima mboga. Au dada yako ametukasirikia?"

Mama Chupa alikuwa na chupa mkononi. Aliiweka chini taratibu.

"Hivi wewe unajua bustani ya dada iko wapi?"

"Hapana. Hujawahi kuniambia."

"Iko chini ya daraja la reli. Hatua mia kutoka kituo cha nne."

Mkemia alivuta kiti akakaa, mkono wake mmoja ukaenda tumboni wenyewe, ukatulia pale.

"Nimekuwa nikila mara tatu kwa wiki," alisema. "Tangu mimba ina mwezi mmoja."

"Najua."

"Kaniletee. Mboga, na udongo wake. Hili halimo kwenye ratiba, lakini mashine ni mimi ninayeiwasha."

Alasiri ile Mama Chupa alikwenda kwa dada, akasema ana hamu ya mchicha. Dada alifurahi, akamchumia mafungu manne, akayafunga vizuri kwa kamba ya mgomba. Udongo Mama Chupa aliuchota kwa kujificha, akijifanya anafunga kiatu. Hakuwahi kumwibia dada yake kitu maishani, na kile kiganja cha udongo kilimuuma kama wizi.

Majani yalikaushwa, yakasagwa, yakapikwa kwenye tindikali mpaka yakawa maji. Ijumaa jioni mkemia alisoma namba kwa sauti ndogo. Mboga zilikuwa na risasi mara kumi na moja ya kiwango kinachoruhusiwa. Udongo alisoma mara moja tu, kisha akaigeuza karatasi juu chini.

Jumamosi asubuhi Mama Chupa alimkuta dada akimwagilia. Kadogo alikuwa amechutama kwenye tuta akichimba kwa kijiko.

"Dada, acha hiyo ndoo. Maji haya yana risasi."

Dada alicheka. "Risasi? Nani amepigana humu?"

"Siyo ya bunduki. Ni madini, yale yaliyomo kwenye betri za gari. Ni sumu. Yameingia kwenye maji, yameingia kwenye mboga. Tumepima."

"Mdogo wangu, mimi namwagilia maji haya tangu wewe una meno ya utoto. Mbona sijafa? Nimekusomesha ili uje kunitia presha?"

"Mkubwa hafi. Ni mtoto ndiye anayeharibika. Tumbo, kisirani, maneno kumpotea. Dada, rangi amezisahau."

Dada aliacha kucheka. Alimtazama mjukuu wake, akamtazama tena mdogo wake. Alipozungumza, sauti ilikuwa imeshuka.

"Wewe umejua lini?"

Mama Chupa angeweza kusema jana. Hakuna mtu ambaye angejua.

"Siku tisa zilizopita."

"Jumapili ulikaa hapa."

"Nilikaa."

"Ulimpakata."

"Nilimpakata."

"Nikampakulia mbele yako. Ukamwangalia anakula."

Mama Chupa aliinamisha kichwa. Alingoja atukanwe, apigwe, afukuzwe. Dada hakufanya hata kimoja. Aliweka ndoo chini, akamnyanyua Kadogo, akamkung'uta mikono, akamkung'uta tena, akaanza kuisugua kwa kanga yake kwa nguvu mpaka mtoto akapiga kelele.

"Twende hospitali," alisema. "Wewe tangulia. Sitaki kutembea na wewe bega kwa bega."

Walitolewa damu wote watatu, wakaambiwa majibu ni Jumatano. Siku nne zile Mama Chupa alizimaliza na roho mkononi. Aliiosha chupa moja mara saba bila kujua anahesabu nini. Nyumbani alifungua bomba la jikoni, akayatazama maji namna yalivyokuwa maangavu, akashindwa kuyanywa.

Jumatatu, kwa kuwa asingeweza kukaa tu, alifanya jambo ambalo mkemia alikuwa amemnong'oneza. Alimwambia dereva amshushe kituo cha tatu, kisha akatembea kwa miguu kufuata mto kuelekea cha nne, akichota chupa moja kila hatua mia mbili. Palikuwa mahali pasipo na njia, nyuma ya kuta za karakana na mabanda ya mabati. Kwenye chupa ya tano alikuta bomba limetokeza chini ya ukuta, likitiririsha maji membamba. Hayakuwa na rangi. Ila tope la chini yake lilikuwa la kijivu, laini kama unga, na hapakuwa na jani hata moja lililoota.

Mlango wa bati ulifunguka pembeni. Walitoka wanaume wawili wamejaa vumbi la kijivu mpaka kwenye kope, wakainama kunawa mikono mtoni. Nyuma yao, kabla mlango haujafungwa, aliona betri kuukuu za magari zimerundikwa mpaka darini, na moto wa kuyeyushia. Mtu wa tatu, mwenye rungu, alibaki amesimama.

"Mama, unatafuta nini huku?"

"Nachota maji."

"Kwenye chupa ndogo hivyo? Maji ya nini?"

Mlango ulikuwa karibu, barabara ilikuwa mbali, na dereva alikuwa kule darajani akisikiliza redio.

"Ya dawa," alisema. "Nimeambiwa niyafuate mahali ambapo watu hawapiti."

Mlinzi alimtazama kuanzia viatu vya mpira mpaka kichwani. Halafu akatema mate pembeni. "Nyie na waganga wenu. Haya, chota uende. Usirudi hapa."

Alichota chini ya bomba lile, akafunga, akaondoka kwa mwendo wa kawaida. Alijilazimisha asigeuke. Garini alizipanga chupa kwenye barafu, ile ya bomba peke yake.

Chupa za juu ya bomba zilisoma kidogo sana. Chupa ya bomba mashine ilishindwa kuisoma kwa wingi wa risasi, mpaka mkemia alipoyazimua maji yake mara hamsini.

Jumatano daktari, mwanamama mnene mwenye sauti ya taratibu, aliwakalisha chini. Mama Chupa alikuwa na risasi kidogo mwilini. Dada alikuwa nayo zaidi. Kadogo alikuwa nayo mara sita ya kiwango kinachoishtua hospitali.

"Kwanza mtoeni pale," daktari alisema. "Asiguse udongo ule, asile chochote cha pale. Mpeni maziwa, mayai, na hii dawa ya madini ya chuma. Tutampima kila mwezi. Isiposhuka, tutamlaza tumpe dawa ya kuivuta itoke, lakini ile dawa nayo ni kali."

"Na maneno yake?" dada aliuliza. "Yatarudi?"

"Mengine yatarudi. Mengine tutajua akianza shule. Sitaki kukudanganya, mama."

Siku hiyo hiyo mkemia, aliyekuwa amepima damu naye, alipata majibu yake kutoka kliniki. Alimwita Mama Chupa kwenye chumba cha kuoshea wafungue bahasha pamoja. Risasi ilikuwa juu ya kiwango, siyo sana. Mkemia alikunja karatasi mara nne mpaka ikawa kama kipande cha sabuni.

"Kinachoingia kwangu kinaingia kwake," alisema. "Huko ndani hana pa kukimbilia."

Waliingia ofisini kwa mkuu bila kubisha hodi. Mkemia aliweka namba zote mezani: maji, majani, udongo, bomba, damu. Mkuu alizisoma, akaanza kusema kwamba hii kazi haikuidhinishwa, kwamba wangemwuliza kwanza. Halafu akamtazama Mama Chupa.

"Mimi nilikuwa nachukua mafungu mangapi?"

"Mawili, kila Jumatatu. Mkeo anapenda majani ya maboga."

Mkuu alivua miwani. Kisha akachukua kalamu. Ripoti ilikwenda juu mchana ule ule, na nakala nyingine ilikwenda ofisi ya afya, jambo ambalo mkuu hakuwahi kulifanya katika utumishi wake wote.

Karakana ilifungwa kwa utepe na kufuli baada ya wiki tatu. Bustani ilizungushiwa waya. Dada aliing'oa kwa mkono wake mwenyewe, tuta baada ya tuta, akayatia majani kwenye magunia yaliyoletwa na ofisi ya afya. Mama Chupa alikwenda kumsaidia. Walifanya kazi toka asubuhi mpaka mchana bila dada kumsemesha. Gunia la mwisho lilipofungwa, dada alinyoosha mgongo akasema, "Wateja wangu je?"

Hilo Mama Chupa alikuwa hajathubutu kulifikiria. Miaka thelathini ya mafungu, nyumba kwa nyumba.

"Ofisi ya afya watatangaza," alisema.

"Nani atasikia tangazo? Mimi ndiye niliyewauzia."

Basi dada alifunga kanga kiunoni, akampeleka Kadogo kwa Mama Chupa, akaanza kupita mlango mmoja mmoja kuwaambia wapeleke watoto wakapimwe. Wengine walimshukuru. Wengine walidhani amechanganyikiwa. Mwanamke mmoja, ambaye mwanawe alikuwa akianguka na kutetemeka tangu mwaka uliopita na hakuna aliyejua sababu, alimsikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango bila neno. Dada alisimulia hilo aliporudi, ameketi kitandani kwa Mama Chupa na viatu bado mguuni. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa akamweleza la moyoni tangu siku ile ya ndoo.

"Sikujua," dada alisema. "Ndiyo nimemwambia. Lakini lile jicho alilonitazama nalo, nimelala nalo, nimeamka nalo."

Damu ya Kadogo ilishuka kidogo mwezi wa kwanza, mwezi wa tatu ikafika nusu. Tumbo lilitulia. Rangi alizirudia mbili, nyekundu na nyeupe. Nyingine alizibuni mwenyewe, na walimwacha. Mkemia alijifungua mtoto wa kiume, uzito wa kawaida, kilio cha kawaida. Kwenye damu ya kitovu ilikutwa risasi, kiasi ambacho daktari alisema hakuna anayeweza kuapa kitafanya nini. Mkemia alirudi kazini na picha ya mtoto kwenye simu, na kila aliyeiona alisema amefanana na baba. Yeye alikuwa akiyatazama macho ya mtoto tu, aone kama yanamfuata mtu akipita.

Maji ya kituo cha nne yalipungua sumu, tope halikupungua. Halafu Jumanne moja, mwanzo wa kiangazi kingine, namba ya kituo cha pili ilianza kupanda. Mkemia alirudia. Hakuuliza kuhusu chupa. Walijua wote wawili: watu wa betri walikuwa wamehamia juu zaidi.

"Nampelekea mkuu sasa hivi," mkemia alisema. "Lakini ripoti itachukua wiki."

Mama Chupa alivua koti la maabara akalitundika. Alasiri ile alishuka peke yake kituo cha pili, penye vyumba vya kupanga vilivyojipanga mpaka ukingoni. Mwanamke kijana alikuwa akichota maji kwa ndoo, mtoto mgongoni. Mama Chupa alimsalimia, akajieleza ni nani, akamwambia yote kwa maneno mepesi, bila kungoja sahihi ya mtu. Alikuwa akiogopa: kupoteza kazi yake, watu wale wenye rungu, na kilichokuwa kwenye ndoo.

Mwanamke alimsikiliza. "Sasa mama, nikachote wapi? Bomba liko kule barabarani, na foleni yake ni ya saa nzima."

Mama Chupa alimwaga ndoo ile mbali na mlango, akaisuuza kwa maji ya chupa aliyokuwa nayo mkobani, mara tatu. Halafu akaibeba mwenyewe, wakapandisha pamoja kuelekea barabarani, wakapanga foleni.